Kinubi Katika Matamasha na Mashindano ya Intaneti

Katika ala za muziki zenye nyuzi, kinubi ni mojawapo ya zile kongwe kabisa. Jina lake la Kiswahili huelekeza macho upande wa Nubia. Wasomaji wa Zaburi humwona Daudi akikishika mikononi. Na waliosoma habari za Misri ya kale wanajua kuwa kimechorwa katika kuta za makaburi ya wafalme. Umbo lake limebadilika nchi kwa nchi na karne kwa karne, lakini tabia yake imebaki moja: kidole huuvuta uzi, huuachia, kisha sauti huenda yenyewe. Mpiga zeze huweza kuishikilia sauti kwa uta wake mpaka atosheke. Mpiga zumari huweza kuilisha kwa pumzi. Mpiga kinubi hana uwezo huo. Akishauachia uzi, kazi iliyosalia ni ya ubao, ya hewa na ya chumba. Kwa sababu hiyo ustadi wake hupimwa kwa mambo mawili: namna aianzavyo sauti, na namna aiachavyo ife. Jambo la kwanza hufahamika na wengi. La pili ndilo limtengalo bingwa na mwanafunzi.

Tabia hiyo ya ala haina budi kukumbukwa na kila atakaye kusema neno la haki juu ya matamasha na mashindano ya kinubi yafanywayo siku hizi kwa njia ya intaneti. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoyafunga majumba ya muziki, wapiga vinubi walipatwa na msiba uliowapata wanamuziki wote. Mkutano wa Dunia wa Kinubi, ambao ulianza Maastricht mwaka 1983, ulikuwa ukutanike Cardiff mwezi wa Julai mwaka ule. Uliahirishwa hata Julai 2022. Tamasha la Kimataifa la Kinubi la Edinburgh, lililoanza mwaka 1982, lilifanywa mwaka 2021 kwa njia ya intaneti. Masomo, maonyesho na mashindano, makubwa kwa madogo, yalihamia katika vioo vya kompyuta na vya simu. Milango ya majumba ilifunguliwa tena baadaye, walakini desturi ile haikuondoka. Iliyoingia kama mgeni wa dharura imekaa kama mwenyeji. Basi inafaa iulizwe: imeleta faida gani, imeondoa nini, na ipewe mamlaka kiasi gani?

Mambo matatu hutajwa pamoja katika habari hizi kana kwamba ni kitu kimoja: onyesho, tamasha na mashindano. Hayo si mamoja. Katika onyesho mpigaji hutoa na msikilizaji hupokea, nayo mapatano yao yamekwisha. Katika tamasha watu hukutana kwa siku kadhaa; hufundishana, husikilizana, huazimana nyimbo, hulinganisha nyuzi, na jioni hupiga pamoja. Katika mashindano hukumu hutolewa: mmoja hupewa na wengine hunyimwa, na mara nyingi maisha ya kijana hupinda upande mmoja au mwingine kwa hukumu hiyo. Chombo kiwezacho kulihudumia moja la mambo hayo chaweza kuliharibu jingine. Kosa kubwa la wasifuo na la walaumuo ni kuyatia yote matatu katika kapu moja.

Kwanza na kitazamwe chombo chenyewe. Programu nyingi za mikutano ya intaneti ziliundwa kwa ajili ya maneno ya watu. Katika maneno, sauti iendeleayo bila kubadilika, kama ya feni au ya injini, ni kero. Kwa hiyo programu imefunzwa kuitambua na kuifuta. Sasa mlio wa uzi wa kinubi unaofifia taratibu hufanana mno na kero hiyo. Kidole kinapouachia uzi, programu huupokea mwanzo wa sauti kama neno lililotamkwa. Sauti inapoanza kutulia, programu huidhani uchafu na kuikata. Kisha programu hiyo hiyo hupenda kusawazisha: kilicho chini hukiinua, na kilicho juu hukishusha, ili msemaji mpole na msemaji mkali wasikike sawa. Hilo ni jema barazani. Katika muziki ni sawa na mtu apitaye na chokaa katika ukuta uliopakwa rangi. Hatimaye kuna kipaza sauti kidogo cha simu, ambacho hakiwezi kuzibeba nyuzi nene. Kinubi kikubwa cha pedali kina nyuzi 47. Ulio mnene kabisa hutetema mara 33 hivi kwa sekunde, na ulio mwembamba kabisa zaidi ya mara 3,000. Msikilizaji wa simu hupata sehemu ya kati na ya juu, na nyuzi za chini huzikisia tu.

Kweli, programu nyingine zina namna ya kuziacha sauti kama zilivyo, na mwenye kinasa sauti kizuri na chumba kitulivu huweza kufikisha muziki mwema mbali sana. Lakini hapo ndipo penye tatizo lenyewe: msikilizaji hana njia ya kujua kama kilichokatika kimekatwa na kidole au na mashine. Akisikia sauti imekufa ghafula, humlaumu mpigaji. Akisikia nguvu iliyo sawa tangu mwanzo hata mwisho, humwona mpigaji hana hisia. Mashine hutenda kosa, na mtu hupokea lawama.

Lipo na jambo la wakati. Sauti hewani hupita mita 340 hivi kwa sekunde, hata wapigaji wawili waliotengana kwa mita 10 husikilizana baada ya milisekunde 30 hivi; na hapo tayari huanza kuona taabu ya kwenda sawa. Katika mikutano ya kawaida ya intaneti, kuchelewa kwa sauti huwa mara nyingi zaidi ya kiasi hicho. Kwa hiyo vikundi vya vinubi vilivyoonekana mwaka 2020, kila mpigaji katika kidirisha chake na wote wakipiga wimbo mmoja, kwa kawaida havikuwa vikipiga pamoja hata kidogo. Kila mmoja alijirekodi peke yake nyumbani, kisha fundi akaviunganisha vipande. Kazi ile iliwafariji wengi na haistahili dharau. Lakini kupiga pamoja maana yake ni kumsubiri mwenzio anapopumua, na katika vipande vile hapakuwa na aliyesubiri wala aliyesubiriwa.

Mtu atadhani kwamba shida hii ni ya zama zetu peke yake. Sivyo. Historia ya kinubi ina tukio moja linalofanana nayo sana, nalo lilitukia Belfast, Ayalandi, mwezi wa Julai mwaka 1792. Wakati huo sanaa ya zamani ya kinubi cha nyuzi za madini ilikuwa karibu kuzimika, na wenyeji wa mji ule waliwaalika wapigaji wote walioweza kupatikana. Walikuja Waayalandi kumi tu, pamoja na Mwelisi mmoja. Sita katika wale kumi walikuwa vipofu. Mwanamke alikuwa mmoja, Rose Mooney. Mkubwa wao, Denis Hempson, alikuwa na umri wa miaka 97, naye alikuwa wa pekee aliyezipiga nyuzi kwa kucha ndefu kwa desturi ya kale. Zawadi ya kwanza alipewa Charles Fanning, na ya pili Arthur O'Neill.

Kijana wa miaka 19, Edward Bunting, mpiga kinanda cha kanisa, aliajiriwa aziandike nyimbo zile. Yeye ndiye aliyekuwa kinasa sauti cha tamasha lile. Akaendelea na kazi hiyo maisha yake yote, akatoa vitabu vitatu, mwaka 1796, 1809 na 1840. Bila yeye sehemu kubwa ya muziki ule ingeingia kaburini pamoja na wenyewe. Walakini Bunting alizichapisha nyimbo zile kwa ajili ya piano, ili ziwafae wanunuzi wa mijini waliokuwa na piano majumbani. Alizivika sauti za chini ambazo mpiga kinubi hakuzipiga, akazitia katika funguo ambazo kinubi kile kisingezikubali. Kucha za Hempson hazikuweza kuingia katika kitabu cha piano; wala haikuingia kazi ya vidole vilivyokuwa vikizinyamazisha nyuzi za madini, ambazo mlio wake ni mrefu na huchafuka usipotawaliwa. Yaani kilichopotea kwanza ni kile kile kinachopotea leo: mwisho wa sauti.

Kwa bahati njema Bunting hakuyatupa madaftari yake. Yale maandiko ya haraka, yenye makosa na mafuto, aliyoyaandika mbele ya wapigaji wenyewe, yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Queen's mjini Belfast. Wapigaji wa zama zetu watakao kukifufua kinubi cha nyuzi za madini hawatosheki na vitabu vyake vilivyopambwa. Hurejea katika madaftari yale machafu, kwa kuwa humo ndimo ulimobaki mkono wa mpigaji. Mwaka 2019 upigaji wa kinubi wa Ayalandi uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu, na heshima hiyo ina deni kwa karatasi ambazo mtu nadhifu angalizichoma. Funzo lililomo ni wazi: chombo kinachobeba sanaa kutoka mahali hata mahali hakikosi kuibadili; lakini kikitunza nakala isiyopambwa, kizazi kijacho huweza kulisahihisha kosa. Kikitunza pambo peke yake, kosa huwa ndiyo kweli.

Sasa na yatazamwe mashindano. Hayo nayo si mageni katika habari za kinubi. Kabla ya Belfast yalifanywa mashindano Granard, katika miaka ya 1780, kwa fedha za mfanyabiashara Mwayalandi aliyekaa Copenhagen. Katika zama zilizo karibu nasi yako mashindano ya kimataifa ya Israel, yaliyoanza mwaka 1959 na kumpa Susanna Mildonian ushindi wa kwanza, na yale ya Bloomington katika Indiana, Marekani, yaliyoanza mwaka 1989. Katika mashindano ya namna hii mtihani mkubwa wa mwisho ni kupiga pamoja na okestra katika ukumbi mbele ya watu. Desturi hiyo haikuwekwa kwa fahari tu. Kinubi ni ala yenye sauti ya upole. Kusikika kati ya mazeze, mazumari na ngoma, bila kuzipiga nyuzi kwa ghadhabu, ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizopewa mpigaji. Anayeimudu amethibitisha kwamba sauti yake huijaza nafasi.

Mashindano ya kurekodi huuondoa mtihani huo moja kwa moja. Kinasa sauti huwekwa shubiri chache kutoka kwenye nyuzi, na sauti dhaifu huwa sawa na sauti iliyokomaa. Badala yake huingizwa mitihani mingine isiyotajwa katika kanuni: nani ana chumba kizuri, nani ana kinasa sauti cha thamani, nani ana fundi rafiki, nani hana jirani mwenye mbwa. Mshindani mmoja huupiga wimbo mara moja na kuupeleka; mwingine huupiga mara arobaini na kuichagua ile iliyotoka safi. Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hapana haja ya kumshuku mtu wizi ili neno hilo liwe kweli. Ni maumbile ya mwanadamu kuuonyesha uso wake uliooshwa. Kosa ni la kanuni zinazolinganisha uso uliooshwa na uso wa jasho, kisha zikatoa nishani.

Wanaoyatetea mashindano hayo wana hoja, na ni haki hoja yao isikilizwe. Kinubi cha pedali ni kirefu kama mtu mzima na uzito wake ni karibu kilo 40. Kukisafirisha ni gharama, na hata mwenye kuazima kinubi huko aendako hana budi kulipa nauli, chakula na malazi. Viza hunyimwa. Kijana mwenye kipaji aliyezaliwa mbali na Ulaya na Marekani ya Kaskazini alikuwa amefungiwa mlango kabla hata hajaugusa uzi, intaneti imemfungulia. Tena, kuwachuja washindani kwa kanda kulikuwapo kabla ya intaneti, wala hapakuwa na aliyelalamika kwamba sanaa imekufa.

Hoja hiyo ni nzito, lakini husimama nusu ya njia. Kuchuja si kutawaza. Katika kuchuja, kosa la kinasa sauti laweza kurekebishwa baadaye ukumbini. Katika kutawaza, kosa hilo hugeuka cheo. Na yule kijana wa mbali, ambaye kwa ajili yake mlango husemwa umefunguliwa, ndiye mwenye chumba kibaya, umeme wa kukatikakatika na simu ya bei ndogo. Mashindano yaliyoondoa nauli yameweka ushuru mwingine, nao humwelemea yule yule. Rehema ya kweli kwake si kumhukumu kwa simu yake. Ni kumchuja kwa moyo mpana, akiombwa apige wimbo mzima kwa mara moja bila kukata, kisha atafutiwe nauli afike ukumbini. Fedha za kumleta mtu mmoja huleta haki zaidi ya programu kumi.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili, nao ni ennanga ya Buganda. Hicho ni kinubi cha upinde chenye nyuzi nane, kilichokuwa kikipigwa katika ikulu ya Kabaka na mpigaji aliyeitwa omulanga, ambaye aliimba huku akipiga. Mikono miwili huingiliana, noti ya huu ikianguka kati ya noti za ule, hata sikio la msikilizaji husikia wimbo wa tatu ambao hapana mkono uliokusudia kuupiga. Juu ya shingo ya ala, karibu na kila uzi, huwekwa pete iliyofunikwa ngozi ya mjusi. Uzi huigusa kidogo na kutoa mvumo. Mvumo huo hautokani na ubovu wa ala, bali umetafutwa kwa makusudi, na ala isiyovuma huhesabiwa kuwa na kasoro. Hata Ulaya, katika karne ya 15 na ya 16, vinubi vilikuwa na vijiti vya kuzivumisha nyuzi, kabla ya ladha ya huko kugeuka na kuuita mvumo uchafu.

Msomaji na afikiri sasa juu ya ennanga mbele ya programu iliyofunzwa kuufuta mvumo. Programu haina nia mbaya. Imechukua tu ladha ya watu fulani juu ya lipi ni sauti na lipi ni kelele, ikaifanya kuwa sheria ya dunia. Tamasha la intaneti lililoandaliwa bila uangalifu litawakaribisha wapiga ennanga kwa heshima zote, kisha litawavua ngozi ya mjusi mlangoni bila hata kujua limefanya hivyo. Wasikilizaji watasifu upole wa ala, na upole huo utakuwa wa mashine.

Jambo hili si dogo, kwa sababu waliobaki na ujuzi wa ennanga ni wachache. Muziki wa ikulu ulipata pigo kubwa ikulu ya Mengo iliposhambuliwa mwezi wa Mei 1966, na falme zilipofutwa mwaka 1967. Na ijapokuwa ufalme wa Buganda ulirudishwa mwaka 1993, kiti cha omulanga hakikujaa kama zamani. Kilichookoka kiliokoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni watu waliofundishana uso kwa uso. Ya pili ni sauti zilizorekodiwa na watu kama Klaus Wachsmann na Hugh Tracey, waliomkuta Temuteo Mukasa akiwa bado anaipiga ennanga. Nakala za kazi ya Wachsmann zimerudishwa Makerere, ambako mwanafunzi wa Uganda anaweza kuzisikiliza kwao. Kanda zile zina mikwaruzo, lakini mvumo umo. Madaftari ya Bunting na kanda za Wachsmann ni ndugu: yote mawili ni machafu, na yote mawili ni ya kweli.

Hukumu basi haina budi kugawanyika. Onyesho la intaneti ni jema, mradi msikilizaji ajue kwamba anatazama picha ya ua, wala hajalinusa ua lenyewe. Tamasha la intaneti ni jema zaidi, hasa katika mafunzo: mwalimu wa Dublin aweza kuviona vidole vya mwanafunzi wa Kampala, na mzee wa Kampala aweza kumwonyesha mwanafunzi wa Dublin jinsi pete ya ngozi inavyowekwa, maarifa ambayo zamani yalihitaji meli huvuka bahari kwa saa moja. Wenye kuliandaa wana wajibu wa mambo mawili: kuzizuia programu zisifute wala kusawazisha sauti, na kuhifadhi nakala isiyopambwa kwa ajili ya watakaokuja. Ama mashindano ya intaneti yatoayo taji, hayo hayafai. Hupima chumba na kusema yamempima mtu.

Methali ya Waswahili husema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Wako wanaoitumia kwa dhihaka juu ya muziki wa intaneti, kwa kuwa mpigaji hucheza chumbani mwake na kutuzwa huko huko. Lakini methali haisemi chumbani. Inasema kwao, yaani mbele ya watu wanaomjua, wanaoisikia sauti yake inapoanza na wanaonyamaza mpaka iishe. Wapigaji kumi wa Belfast, wengi wao wasioona, hawakwenda kule kwa sababu ya zawadi ndogo peke yake. Walikwenda kusikilizwa na waliojua nini cha kusikiliza. Tamasha lo lote litakalomtafutia mpiga kinubi sikio la namna hiyo, kwa waya au bila waya, litakuwa limemtunza. Lisipomtafutia, hata likimpa kinubi cha dhahabu, litakuwa limempa samani.